Kidonda si mahali pa kumwaga rangi mbili

Wiki kadhaa zilizopita nilikwenda nyumbani Somanda, mjini Bariadi, kumjulia hali mama yangu. Jioni ya kwanza, kabla hata sijamaliza kusalimia majirani, aliingia mama mmoja wa nyumba ya tatu akiwa na mwanawe wa miaka minne mgongoni. Mtoto alikuwa akilia kilio cha kuchoka, kile ambacho sauti yake imeshakwisha. Siku sita kabla alijikwaa karibu na mafiga, sufuria ya uji ikapinduka na uji ukammwagikia kuanzia gotini hadi unyayoni.

Mama yake aliifungua khanga taratibu. Juu ya kidonda palikuwa na gamba gumu la njano, kama ukoko uliokaukia kwenye sufuria. Nilipobonyeza kidogo pembeni, usaha ukachuruzika. Nilimgusa mtoto shingoni, alikuwa anachemka.

“Umekuwa ukiweka nini, mama?” nilimwuliza.

“Rangi mbili, dada. Nilinunua vidonge kumi na viwili, kila asubuhi nafungua viwili namwagia ule unga. Dukani waliniambia kitakauka haraka.”

Sikumgombeza. Ningemgombezaje? Mimi mwenyewe nina kovu la jembe kwenye muundi wa mguu wa kulia, nililolipata nikipalilia pamba nikiwa na miaka tisa. Mama yangu alilitibu hivyo hivyo: kila jioni alichemsha maji ya chumvi, akaniosha, kisha akafungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake. Nilipona. Kwa miaka yote iliyofuata nyumba yetu iliamini kwamba kilichoniponya ni kile kidonge. Mpaka nilipokwenda kusomea uuguzi ndipo nilipoanza kuuliza maswali.

Nimeanza na habari hii kwa sababu leo nataka kuzungumzia jambo linaloonekana kuwa mbali sana na mafiga ya Somanda. Katika maabara mbalimbali duniani, wanasayansi wanatengeneza aina mpya ya kitambaa cha kufungia vidonda. Kinatokana na jeli yenye maji mengi iitwayo haidrojeli, na kimewekewa uwezo wa kuua bakteria, hata wale waliokwisha kuwa sugu kwa dawa tunazozijua. Ni habari njema. Lakini nina hofu, na ndiyo inayonifanya niandike: tukikipokea kitambaa hicho kwa tabia ileile tuliyoipokelea rangi mbili, tutakiharibu kama tulivyoiharibu rangi mbili.

Unga wa kidonge hufanya nini kwenye kidonda?

Tuanze na hapa tulipo. Kidonge cha tetrasaikilini au ampisilini kimetengenezwa ili kimezwe. Kikifika tumboni huyeyuka, dawa huingia kwenye damu na kusambaa mwilini kwa kiasi kilichopimwa. Ule unga ulioko ndani yake si dawa tupu. Umechanganywa na vitu vingine vya kujazia, na haukuandaliwa kuwa safi kwa kiwango cha kitu kinachowekwa kwenye nyama iliyo wazi.

Ukiumwaga kwenye kidonda, huchanganyika na majimaji yanayotoka na kukauka. Hapo ndipo linapozaliwa lile gamba. Mzazi analiona gamba na kufurahi kwamba kidonda kimekauka, kumbe amekifunika kama mtu anayefunika chungu chenye kitu kinachooza. Bakteria wako chini yake, penye joto, unyevu na chakula, na hakuna anayewaona.

Kuna tatizo la pili, na ndilo kubwa zaidi. Unga hausambai sawasawa. Katikati unakuwa mwingi, pembeni unakuwa kidogo. Pale ulipo kidogo, bakteria dhaifu hufa na wale wenye uwezo wa kustahimili hubaki. Waliobaki huzaana, na watoto wao hurithi uwezo ule. Kesho ukimwaga tena unawachuja tena. Baada ya wiki moja kidonda kimekuwa shule, na wanafunzi wake wamehitimu.

Onyo hili si jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba ni rahisi kuwafanya bakteria wawe sugu kwa kuwapa dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Alihofia siku ambayo mtu yeyote ataweza kujinunulia penisilini dukani. Siku hiyo ilikwisha kufika zamani.

Usugu umeshabisha hodi kwetu

Wataalamu wetu wanaliita tatizo hili usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Maana yake si kwamba mwili wa mtu umezoea dawa, kama wengi wanavyodhani. Ni bakteria ndiye aliyezoea. Ndiyo maana mtoto ambaye hajawahi kumeza antibayotiki hata moja anaweza kupata kidonda chenye bakteria sugu, aliyempata kwa jirani, kwa mifugo, au kwenye kitanda cha wodini.

Makadirio yaliyofanywa kwa dunia nzima yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walifariki moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Kwa kulinganisha na idadi ya watu, nchi za Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara ndizo zilizobeba mzigo mzito zaidi.

Na hapa Kanda ya Ziwa? Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, kati ya mwaka 2009 na 2010 na kuchapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji. Kati yao, 65, yaani asilimia 26, walipata maambukizi kwenye kidonda cha upasuaji. Bakteria aliyeongoza ni stafilokokasi, yule anayeishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi bila kuwadhuru. Watafiti walipomwotesha maabara na kumjaribu kwa dawa, karibu mmoja kati ya watano alikuwa wa aina iitwayo MRSA. Huyu hasikii amoksilini, hasikii ampisilini, wala dawa nyingine nyingi za ukoo huo.

Ninaiheshimu hospitali iliyojichunguza na kutangaza ilichokiona. Hospitali isiyootesha usaha haina takwimu mbaya, lakini wagonjwa wake hawako salama zaidi. Na tukumbuke kwamba takwimu hizo ni za zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita. Dawa tulizokuwa tukizimwaga wakati ule bado tunazimwaga.

Haidrojeli ni kitu gani?

Kila mzazi aliyewahi kumvalisha mtoto pampasi ameshaiona haidrojeli. Pampasi iliyojaa mkojo ukiichana, ndani hukuti maji. Unakuta punje laini za jeli zilizovimba. Kuna kitu mle kilichonywa maji na kuyashikilia yasitoke. Hiyo ndiyo haidrojeli: wavu mwembamba sana wa nyuzi tusizoweza kuziona kwa macho, ambao matundu yake yamejaa maji. Ukikata jani la shubiri mwitu na kuona ile nyama laini inayong’aa ndani, umepata picha ya karibu kabisa.

Si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1960 wanasayansi wawili wa Prague, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, walieleza jinsi ya kutengeneza jeli ya aina hiyo inayoweza kukaa mwilini bila kuudhuru. Kutokana na kazi yao zikapatikana lenzi laini zinazovaliwa ndani ya jicho. Miaka miwili baadaye, mwaka 1962, George Winter wa Uingereza alifanya jaribio lililobadilisha fikra za wauguzi. Alichukua vidonda vidogo kwenye ngozi ya nguruwe, vingine akaviacha vikauke kwa hewa, vingine akavifunika ili vibaki na unyevu. Vile vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa haraka karibu mara mbili ya vile vilivyoachwa wazi.

Narudia, kwa sababu jambo hili linapingana na tulivyolelewa: kidonda hakiponi kwa kukauka. Ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni kwenda katikati, na hutambaa vizuri juu ya unyevu safi. Ikikuta gamba kavu inabidi ijipenyeze chini yake. Kitu kinachotakiwa kukauka ni usaha, na usaha haukauki kwa kufunikwa na unga. Unakwisha kwa kuoshwa na kwa kuuawa bakteria wanaousababisha.

Kitambaa cha haidrojeli kinatunza unyevu huo. Kinapoza, jambo ambalo mtoto aliyeungua analihisi mara moja. Na hakigandi kwenye nyama. Wazazi waliowahi kusimama nje ya chumba cha kufungia vidonda wanajua ninachosema. Shashi kavu ikishikana na kidonda, ukiivuta unang’oa na ile ngozi changa iliyoota usiku. Mtoto anapiga kelele, damu inatoka, na kazi ya siku nzima ya mwili inarudi mwanzo.

Silaha ndani ya jeli

Haidrojeli yenyewe haiui bakteria. Ndiyo maana watafiti wanaiongezea kitu, na njia ziko kadhaa.

Ya kwanza ni madini ya fedha, yaliyosagwa kuwa chembe ndogo mno, ambayo hutoka polepole kwenye jeli na kuwadhuru bakteria. Ya pili ni kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Kitosani ina chaji chanya ya umeme, na ukuta wa bakteria una chaji hasi. Inamvuta, inamshika na kumtoboa. Ya tatu ni vipande vifupi vya protini, vinavyofanana na vile ambavyo miili ya wanyama na binadamu hutengeneza kujikinga. Katika Chuo Kikuu cha Chalmers, mjini Gothenburg, Sweden, watafiti wamevishikiza vipande hivyo kwenye haidrojeli ili visioshwe na majimaji ya kidonda. Katika majaribio yao jeli hiyo iliua hata stafilokokasi sugu.

Ya nne tunaifahamu vizuri: asali. Tathmini ya majaribio mengi iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba kwa majeraha ya moto yasiyokwenda chini sana, asali iliponya siku nne hadi tano mapema kuliko vifungio vya kawaida. Lakini nisieleweke vibaya. Asali inayotumika hospitalini kwa kazi hii husafishwa kwa mionzi ili kuua mbegu za bakteria zinazoweza kujificha ndani yake. Asali ya chupa iliyonunuliwa stendi haijapitia huko.

Faida kubwa ya njia zote hizi ni moja: dawa inabaki kwenye kidonda. Mtoto akimeza antibayotiki kwa ajili ya kidonda cha mguuni, dawa hupita tumboni, ambako wanaishi bakteria wengi wasio na hatia, na huko nako inawachuja wale sugu. Kitambaa chenye dawa kinapigana pale penye adui tu, kwa nguvu inayotosha, halafu kinatolewa na kutupwa.

Hata hivyo, hakuna kitambaa kitakachochukua nafasi ya sindano pale maambukizi yanapokuwa yameingia kwenye damu au mfupa. Anayekuuzia kitu na kukuambia kinatibu kila kidonda, mkimbie.

Tena bakteria hajifunzi kwa antibayotiki pekee. Mwaka 1975 madaktari wa Boston, Marekani, waliripoti bakteria wa salmonela katika wodi ya walioungua aliyekuwa sugu kwa ampisilini, kwa kloramfenikoli, na kwa dawa ya madini ya fedha iliyokuwa ikipakwa kwenye majeraha. Wagonjwa walipoteza maisha. Kwa hiyo hata silaha hizi mpya zina umri wake, na umri huo utategemea tunavyozitumia.

Maoni yangu

Najua atakayesema: “Nesi, unatuletea habari za Sweden wakati vituo vingine hata shashi haitoshi.” Hoja hiyo ina uzito. Lakini tupige hesabu vizuri. Shashi kavu inayobadilishwa kila siku inaonekana rahisi kwa sababu tunahesabu bei ya shashi peke yake. Hatuhesabu nauli ya bodaboda kutoka kijijini kila asubuhi. Hatuhesabu siku za palizi zilizopotea, dawa ya maumivu, wala kidonda kilichochukua miezi miwili badala ya wiki tatu. Kitambaa kinachokaa siku kadhaa bila kuguswa kinaweza kuwa ghali dukani na rahisi nyumbani. Wanaopanga bajeti za hospitali wanapaswa kuhesabu kwa kutumia mfuko wa mgonjwa pia.

Tena malighafi hatuna haja ya kuzitafuta mbali. Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa pamba nchini, na nyuzi za pamba kwa sehemu kubwa, kama asilimia 90, ni selulosi. Kutokana na selulosi hutengenezwa jeli na vitambaa vya vidonda vinavyotumika leo hospitalini Ulaya. Akina mama wa Unguja na Pemba wanalima mwani ambao hutoa karajini, jeli ambayo nayo watafiti wanaijaribu kwenye vidonda. Mwani huo kwa sehemu kubwa unasafirishwa ukiwa mkavu kwenye magunia. Maganda ya kamba tunayatupa. Asali ya Tabora inajulikana kila mahali. Mkoa wetu umewahi kuwa na mipango ya kiwanda cha vifaa tiba vitokanavyo na pamba. Ningependa mazungumzo hayo yasife, na safari hii yaanze na maabara na vijana wa vyuo vyetu, si na jengo.

Lakini ombi langu kubwa kwa serikali si kiwanda. Ni maabara ya kuotesha usaha iliyo karibu na mgonjwa, yenye vifaa na mtu wa kuiendesha siku zote. Nchi yetu ina mpango wa taifa wa kupambana na UVIDA. Wa kwanza ulikuwa wa mwaka 2017 hadi 2022 na wa pili unaendelea hadi 2028. Mpango huo utaonekana kuwa wa kweli siku ambayo mama wa Somanda ataambiwa jina la bakteria aliyeko kwenye mguu wa mwanawe, na dawa inayomuua, badala ya kubahatishiwa dawa tatu mfululizo.

Na vitambaa vyenye silaha vitakapofika, visiuzwe kama karanga. Viandikwe na mtu aliyekiona kidonda. Nasema hivyo nikijua kwamba nitalaumiwa, kwa sababu hospitali iko mbali na duka liko mlangoni. Lakini tukiviachia vikawekwa rafu moja na rangi mbili, baada ya miaka kumi mwandishi mwingine atakaa hapa kueleza kwa nini navyo havifanyi kazi.

Ya kufanya leo hii

Wakati tunasubiri, mzazi, haya yako mikononi mwako.

Mtoto akiungua, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si mafuta ya taa, si yai. Kisha funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, au likiwa usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo vya mwili au sehemu za siri. Mtoto mchanga aliyeungua apelekwe bila kujali ukubwa.

Akikatwa au kuchubuka, osha mikono yako kwanza. Osha kidonda kwa maji mengi safi. Maji yaliyochemshwa na kupoa yanafaa kabisa, na ukipenda weka chumvi kijiko cha chai kisichojaa kwenye nusu lita. Toa mchanga na majani. Funika kwa shashi safi. Spiriti iache kwa ajili ya kusafishia vifaa, kwani ndani ya kidonda inaunguza na ngozi changa.

Usiweke kinyesi cha ng’ombe, majivu, tumbaku wala udongo. Pepopunda hupenya kwa njia hiyo. Uliza kama chanjo ya pepopunda ya mtoto wako imekamilika.

Usifungue kidonge ukamwaga unga. Chochote kile, cha rangi moja au mbili.

Ukiona wekundu unasambaa, uvimbe unaongezeka, harufu, usaha, nyama nyeusi, mistari myekundu inayopanda juu, au homa, usisubiri kesho. Kidonda kisichoonyesha dalili ya kupona ndani ya wiki mbili nacho kikaangaliwe. Mwenye kisukari asisubiri hata siku moja kwa kidonda cha mguuni, hata kama hakiumi. Kutokuuma kwake ndiko kunakotisha.

Ukipewa antibayotiki hospitalini, maliza kama ulivyoelekezwa, na usimgawie jirani zilizobaki. Na kidonda kikigoma baada ya dawa ya kwanza, uliza kwa heshima: “Daktari, usaha unaweza kuoteshwa?” Una haki ya kuuliza swali hilo.

Yule mtoto wa jirani tulimpeleka hospitali asubuhi yake. Alipewa dawa ya maumivu, gamba likalainishwa na kuondolewa, na usaha ukachukuliwa kwenda kuoteshwa. Majibu yaliporudi, dawa mbili ambazo kila duka linaziuza hazikumgusa yule bakteria. Ya tatu, ya sindano, ndiyo iliyomweza. Alifungwa kwa shashi yenye mafuta isiyoganda, akakaa wodini siku kumi na moja. Juzi mama yake alinipigia simu kusema ameanza kukimbiza kuku, na kwamba mafiga wameyazungushia matofali.

Siku ya kuondoka Somanda, nilikuwa natafuta ufunguo kwenye kopo la mama la majani ya chai. Nikakuta vidonge vitano vya rangi mbili vimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

“Mama, hivi vya nini?”

“Vya akiba, mwanangu. Si ndivyo vilivyokuponya wewe ule mguu?”

Nikakaa naye chini nikamweleza kwamba kilichoniponya ni yale maji aliyokuwa akiyachemsha kila jioni, na mikono yake iliyokuwa inaniosha bila kuchoka. Alinitazama muda mrefu, kama anayepima kama namwambia ukweli au namfariji. Kisha akanisogezea kile kipande cha gazeti.

“Haya, vipeleke huko hospitalini kwenu,” akasema. “Lakini chumvi yangu uniachie.”